Daftari la Grisi: Matunzo ya Gari Kuukuu la Mizigo katika Guta

Mwenye kusoma vitabu vya historia ya uchukuzi katika Afrika ya Mashariki atakuta humo habari nyingi za reli, za meli za ziwani na za barabara. Atasoma kwamba reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwamba ilifika Mwanza mwaka 1928. Lakini habari za yule mtu aliyelala chini ya gari alfajiri, bomba la grisi mkononi, kabla abiria hawajafika na mizigo haijapakiwa, hatazikuta. Historia yetu imeandikwa kana kwamba chombo kikishanunuliwa hujiendea chenyewe. Katika insha hii nakusudia kusema machache juu ya kazi hiyo isiyoandikwa, yaani matunzo ya kawaida ya gari dogo la mizigo ambalo limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mahali nilipopachagua ni Guta, ufukoni mwa Ghuba ya Speke, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara. Nimepachagua kwa sababu ndiko nilikokulia, na kwa sababu ninalo daftari.

Ghuba hii ilipewa jina la Speke na Stanley mwaka 1875, alipolizunguka ziwa kwa mashua. Speke mwenyewe alikuwa ameliona ziwa mwaka 1858, akiwa upande wa Mwanza. Hayo ni majina ya wageni. Watu wa nchi hii, Wasizaki, Waikizu, Wajita, Wakerewe, na Wasukuma waliohamia, walikuwa na mitumbwi yao na masoko yao kabla ya ramani hiyo kuchorwa, na mtumbwi nao ulitaka matunzo: kuzibwa nyufa, kupandishwa nchi kavu, kubadilishwa ubao uliooza. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa wako watu wasemao kwamba desturi ya kutunza chombo tuliletewa pamoja na chombo. Mvuvi wa Guta angewacheka.

Nchi yenyewe si rafiki wa gari. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu kama gundi, na dereva asiye na jembe na minyororo hulala njiani. Kiangazi udongo ule ule hugeuka vumbi laini kama unga wa muhogo. Vumbi hilo likiingia katika injini pamoja na hewa hufanya kazi ya msasa: hula kuta za silinda na ringi za pistoni, kidogo kidogo, pasipo kelele, hata siku moja mwenye gari aone moshi wa buluu nyuma yake asijue ulikotoka. Tena njia isiyo na lami hufanya makunyanzi kama bati, na gari likipita juu yake kwa mwendo wa haraka hutikisika lote pamoja. Nati hulegea, mabano hukatika, waya za umeme huchubuka. Kwa hiyo yule aliyeandika katika kitabu cha kiwanda, huko Ulaya, kwamba kazi fulani ifanywe kila maili 3,000, hakuwa akiifikiria njia ya Guta kwenda Bunda.

Motokaa ziliingia katika nchi hii pamoja na shida ya kuzitengeneza. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam mwaka 1907 ili avuke Afrika kwa motokaa, akafika Swakopmund mwaka 1909. Karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kutengeneza na kungoja vipuri. Lakini mfano mkubwa zaidi, ambao wanafunzi wetu hufundishwa kwa sababu nyingine, ni ule wa Mpango wa Karanga wa Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilileta huko matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, mengine yakiwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa Ufilipino. Haukupita mwaka, sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imelala. Udongo ulikuwa mkali, karakana haikuwa tayari, vipuri havikuwapo, na waendeshaji walikabidhiwa mashine kabla ya kufundishwa namna ya kuzitunza. Mpango ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Watu wengi husema Kongwa ilishindwa kwa sababu ya mvua, na kweli mvua ilikuwa haba. Kwa maoni yangu ilishindwa kwanza katika karakana.

Ujuzi wenyewe ulifika vijijini kwa njia nyingine. Katika vita vya 1939 hadi 1945 Waafrika wengi wa nchi hizi walitumikia jeshi kama madereva. Jeshi la Waingereza lilikuwa na desturi nzuri: liliigawa kazi ya kuangalia gari katika sehemu ndogo ndogo, na kila siku dereva alipewa sehemu yake. Leo betri, kesho breki, kesho kutwa sukani. Gari lote lilikuwa limekaguliwa kabla ya mzunguko kuanza tena, na hakuna siku iliyopotea kwa kazi hiyo. Askari walioachishwa jeshi walirudi makwao na desturi hii vichwani mwao. Mmoja wao alimfundisha kazi mjomba wangu.

Pamba ndiyo iliyowapa kazi. Vyama vya wakulima vya Jimbo la Ziwa viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma; na msimu wa kununua pamba ulipofika, malori yalitakiwa kila upande. Malori mapya yalikwenda kwa mashirika na kwa matajiri wa mjini. Magari madogo, tena makuukuu, ndiyo yaliyowaangukia watu wa Guta. Nayo yalibeba kila kitu: dagaa na samaki wabichi wa asubuhi, magunia ya udaga, mabati, maiti, bibi harusi. Neno la mitaani siku hizi, «guta», maana yake ni baiskeli au pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kwamba natoka Guta.

Mjomba alinunua pikapu yake mwaka 1974. Ilikuwa Peugeot 404, na mtu wa Musoma aliyemwuzia alikuwa ameitumia miaka mitano. Sifa ya gari aina hiyo wakati ule ilikuwa kubwa, kwani ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na hakuna mtoto asiyejua habari hiyo. Siku ile ile alinunua daftari la shule la kurasa 96, akalifunga kwa karatasi ya saruji, akaandika juu yake GARI. Ninalo mezani sasa. Limejaa alama za vidole vyenye mafuta, na kurasa nyingine hazisomeki.

Ukurasa wa kwanza hauna habari ya safari wala ya fedha. Unaeleza mambo aliyoyafanya kabla ya kulipeleka gari kazini hata siku moja, na kwa mtu yeyote anunuaye gari lililotumika, mambo hayo hayajapitwa na wakati. Alimwaga oili yote ya injini, ya giaboksi na ya difu, akatia mpya, kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, «neno la mwuzaji si oili». Akasafisha rejeta kwa maji hata yakatoka meupe, akabadilisha mipira yake yote. Maana kichwa cha injini ya 404 ni cha alumini, na injini ikichemka mara moja tu kichwa hicho hupinda. Akafungua ngoma za breki zote nne. Akapima nafasi za valvu na za platini. Akatia grisi katika kila kichwa cha grisi na kuhesabu vilikuwa vingapi, akaiandika hesabu hiyo, ili utingo asiweze kusema amemaliza kabla hajamaliza.

Baada ya hapo daftari linakuwa na mwendo wa sala. Kila asubuhi: oili, maji, tairi, taa. Kila jioni kiangazi: kichujio cha hewa. Aina ile ilikuwa na bakuli la mafuta ambamo vumbi lilizama, na mafuta yakishakuwa uji hayakamati tena kitu. Mjomba aliliosha bakuli hilo kila siku, ingawa jirani zake waliliosha mara moja kwa mwezi na kumwita mwanamke wa jikoni. Kila Jumamosi: nati zote kwa spana, kuanzia gurudumu la mbele la kushoto na kuzunguka. Oili ya injini aliibadilisha katika nusu ya muda uliotajwa na kiwanda. Nimefanya hesabu: kutoka mwaka 1974 hadi 1977 gari halikulala njiani kwa ubovu hata mara moja, ila kwa matope mara tisa.

Liko jambo moja la Guta ambalo vitabu vya kiwanda havilijui, nalo ni ziwa. Madereva wetu wamezoea kuteremsha gari mpaka majini na kuliosha humo. Huonekana ni werevu, kwani maji ni ya bure. Lakini gari lililotoka safarini vitovu vya magurudumu yake ni vya moto. Ukivitumbukiza ghafula katika maji baridi, hewa iliyo ndani hujikunyata, na kitovu huvuta maji kama mtu anywaye kwa mrija. Grisi hugeuka kitu cheupe kama maziwa ya mgando, na beringi hufa baada ya wiki chache, dereva akilaumu barabara. Mjomba alikataza kabisa. Gari lilioshwa kwa ndoo, juu, penye mawe, baada ya kupoa. Wakati ule hakujali usafi wa ziwa, napenda kusema kweli, alijali beringi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ingemkuta tayari anaitii, ijapokuwa kwa sababu yake mwenyewe.

Mwaka 1977 mwandiko unabadilika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huo, na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa mtu wa Mara pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko kwa mtu wa Dodoma au Lindi, kwani vipuri vyetu vilikuwa vikipita Sirari. Mwaka uliotangulia vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa kwa amri, na karakana zao zikapita katika mikono mingine. Halafu vikaja vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa kwa kazi ya jeshi. Pikapu ya mjomba iliachwa, kwa kuwa waliokuja kuitazama waliikuta juu ya mawe, kichwa cha injini kimefunguliwa, kikingoja gasketi iliyochukua miezi saba kufika. Bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979, fedha za kigeni zikawa haba, na hata magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri.

Katika kurasa za miaka hiyo neno moja linarudi tena na tena: «hakuna». Oili, hakuna. Filta, hakuna. Maji ya betri, hakuna. Yalikingwa maji ya mvua katika chungu. Filta ya oili ilioshwa kwa petroli na kurudishwa. Oili nyeusi ilichujwa kwa kitambaa cha kanga na kutiwa tena, naye aliyeifanya kazi hiyo alijua vema kwamba kitambaa huzuia taka asizuie uchakavu wa mafuta yenyewe. Ameandika pembeni, «najidanganya».

Hapa sina budi kutofautiana na waandishi kadhaa wanaozisifu siku zile kuwa ndizo zilizozaa ufundi wa Kitanzania. Wanataja fundi aliyechonga bushi kutokana na tairi, na dereva aliyefika Mwanza kwa feni belti ya soksi. Hadithi hizo ni za kweli na ni tamu. Lakini mtu akisoma daftari ukurasa kwa ukurasa ataona kwamba kila werevu wa dharura ulikuwa deni. Bushi ya tairi ilikula pini, pini ikala mkono wa sukani. Tena kuna dhuluma katika sifa hizo: fundi anayezuia ubovu hana hadithi ya kusimulia, kwa sababu halikutokea jambo. Sisi humsifu anayefufua na kumsahau anayelinda. Wakuu wa siku zile nao walikosea kwa upande mwingine, walipowahutubia madereva kwamba magari ya umma yanakufa kwa uzembe. Uzembe ulikuwapo, sikatai. Lakini huwezi kumwita mtu mzembe kwa kutobadilisha oili ambayo nchi haina.

Mjomba alikuwa amejiwekea akiba. Katika sanduku la mbao chini ya kitanda alikuwa na madebe mawili ya oili, filta nne, platini, mikebe mitatu ya mafuta ya breki na mipira ya breki ya magurudumu yote. Alivipata kimoja kimoja kwa muda wa miaka minne, kwa kubadilishana na samaki. Mwezi Machi 1983 ikaanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikiongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na sheria maalum ikatungwa mwaka ule ule. Kusudi lake lilikuwa kuwakamata walanguzi waliowaficha wananchi bidhaa, nao walikuwapo wengi, na watu wa kawaida waliishangilia. Mimi mwenyewe, mtoto wa miaka 12, niliishangilia. Lakini sheria inayotazama rundo la vitu haiwezi kuona moyo wa mwenye rundo. Mtunzaji mwenye busara na mlanguzi wote wawili huweka vitu chini ya kitanda. Kote nchini watu waliogopa, wakatupa sukari, vitambaa na sabuni mitoni na vichakani. Usiku mmoja mjomba alibeba sanduku lake hadi chooni, akalimimina lote shimoni. Nilishika taa. Alitupa mikebe ya mafuta ya breki mwisho, mmoja mmoja.

Mwaka uliofuata, wakati wa masika, mipira ya breki za nyuma ilianza kuvuja. Daftari linasema: «Fluidi hakuna. Nimetia oili kidogo.» Msomaji asiye fundi aelewe kosa lenyewe. Mipira ya breki hutengenezwa ili ikae katika mafuta yake maalum. Ikikutana na oili ya injini huvimba, hulainika, hupoteza umbo lake. Mjomba alilijua jambo hili kuliko mtu yeyote katika Guta. Alilifanya kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali, akalifanya tena wiki ya pili kwa kuwa kulikuwa na samaki. Katika mteremko wa kutoka Bunda kanyagio liliingia mpaka chini. Aliliacha gari lipande tuta, likalala ubavu. Yeye alitoka na michubuko. Utingo, kijana aliyekuwa akihesabu vichwa vya grisi tangu mwaka wa kwanza, alipoteza mguu wa kulia chini ya goti.

Mwezi Juni mwaka huo huo Serikali ilitangaza ruhusa ya watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za nje, na katika muda wa miezi michache mipira ya breki ilionekana tena madukani Musoma.

Yaliyofuata nitayapita kwa haraka, kwa kuwa wasomaji wengi wameyaona kwa macho yao. Sangara waliopandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950 walizidi sana katika miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma, na magari yakazidi pia. Kuanzia miaka ya 1990 yakaanza kumiminika magari yaliyotumika kutoka Japani, ambako sukani iko kulia kama kwetu, na ambako gari dogo la mizigo hukaguliwa kila mwaka kwa gharama kubwa hata mwenyewe akaona afadhali kuliuza. Mtoto wa mjomba alinunua Hilux ya dizeli. Chini ya boneti kulikuwa na karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani, na mafundi wote waliitazama kama pambo. Ilikuwa hati ya historia. Ilieleza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na gari likiwa limetembea kilometa ngapi. Mwaka wenyewe, 8, ulikuwa wa enzi ya Heisei, yaani 1996 kwa hesabu yetu. Kilometa zilizosomwa kwenye dashibodi zilikuwa pungufu kuliko zile za karatasi. Kwa namna hii binamu yangu alijua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mita imerudishwa nyuma, na kwamba mkanda ule, ambao katika injini hiyo hubadilishwa kila kilometa 100,000, umekaribia kukatika.

Adui mpya wa Hilux ni chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi, lakini sangara wa kayabo, anayekaushwa kwa chumvi na kuuzwa hadi Kongo, hudondosha maji yake katika bodi, nayo huteremka mpaka kwenye chasisi na mabomba ya breki. Rangi kwa nje hubaki nzuri. Binamu yangu huosha chini ya gari kwa maji matupu kila baada ya mzigo, hupaka oili chakavu kwenye chasisi kabla ya masika, na mafuta ya breki huyamwaga yote na kutia mapya kila baada ya miaka miwili, kwa sababu huvuta unyevu wa hewa hata yakiwa yamefunikwa.

Mjomba aliendelea kuandika hadi mwaka 2001, ingawa pikapu yake ilikuwa haitembei tena na kuku walilala ndani yake. Utingo wake wa zamani, ambaye sasa ana duka la vipuri karibu na stendi, alikuwa akimtembelea siku za Jumamosi. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wa watu wawili. Wa kwanza, unaotetemeka, umeandika tarehe na neno «grisi». Wa pili umeandika mbele yake hesabu ya vichwa, vyote.